Mbwa Wawili, Jina Moja

"Sikiliza tena," Daktari alisema. "Safari hii usisikilize kama polisi. Sikiliza kama fundi."

Inspekta alizirudisha ncha za stethoskopu masikioni. Mbwa aliyelala mezani alikuwa mdogo, mwenye manyoya marefu yaliyogandana kwa matope, na ubavu wake ulikuwa ukipanda na kushuka upesi kuliko inavyofaa kwa mbwa aliyetulia. Daktari aliushika mkono wa Inspekta, akauhamishia juu kidogo, karibu na kwapa la kushoto la mbwa.

Hapo akausikia. Haukuwa mdundo. Ulikuwa mvumo mrefu usiokata, unaopanda na kushuka bila kuacha hata upenyo, kama friji kuukuu linalonguruma katika chumba kisicho na mtu.

"Mungu wangu," alisema. "Hiki ni nini?"

"Huyu ni Laini. Mbwa wa Opareta."

Inspekta alizivua zile ncha polepole, kama alivyofanya kila kitu. Kituoni walimwita Kobe, na alikuwa ameacha kulikasirikia jina hilo miaka mingi nyuma.

"Daktari, haiwezekani. Laini nilimwona Jumamosi kwa macho yangu haya mawili. Yuko nyumbani kwao, kapakatwa na mpwa wa Opareta, anatafuna biskuti."

"Basi ulimwona mbwa mwingine."

Sajenti, mwanamke mrefu aliyekuwa ameegemea mlango na daftari lake, alikohoa kidogo. Inspekta hakumtazama. Alijua Sajenti anakumbuka nini, kwa sababu hata yeye alikuwa akikikumbuka.

Opareta alikuwa mwanamke wa miaka sabini na mmoja, mstaafu wa shirika la simu. Kwa miaka thelathini aliwaunganisha watu kwa waya, na alipopata mbwa akamwita Laini. Alhamisi iliyopita alikuwa na miadi hapa kliniki ya kumwandaa Laini kwa upasuaji, hakuja. Daktari alimpigia simu, mpwa akapokea, akasema shangazi amesafiri. Ijumaa Daktari alikwenda polisi kuripoti kwamba mteja wake amepotea, na pale mapokezi walicheka mpaka machozi: tangu lini mtu akakosa miadi ya mbwa akatafutwa na serikali? Ni Inspekta aliyelichukua faili. Jumamosi akaenda kwenye ile nyumba, akasimama mlangoni, akamwona mbwa, akapewa maji ya kunywa, akaandika: *Mwenyewe yuko safarini. Mbwa yupo. Faili lifungwe.*

Leo ilikuwa Jumatano, tarehe kumi na tatu.

"Huyu kaokotwa wapi?" aliuliza.

"Barabara ya kwenda kituo cha zamani cha kuchuja maji. Msoma mita alimkuta leo alfajiri amelala katikati ya njia. Alisema alimpigia honi, hakuondoka."

"Na wewe ukamtambua kwa moyo."

"Kwa sura nisingemtambua. Hana ukanda, hana rangi, amebaki mifupa. Lakini nilipoweka kiganja hapa..." Aliuchukua mkono wa Inspekta mara ya pili, akaulaza juu ya ubavu wa mbwa. Kitu kilikuwa kikitetemeka ndani, chepesi, mfululizo, kama nyuki aliyefungiwa kwenye bahasha. "Moyo huu naufahamu, Inspekta. Njoo uone."

Alizima taa, akakipitisha kichwa cha altrasaundi juu ya kifua kilichonyolewa. Kwenye kioo, rangi nyekundu na buluu zilichemka. Alieleza bila haraka, kama mtu aliyezoea kuwaeleza wenye wanyama wao wakiwa wanalia. Mtoto akiwa tumboni, awe wa mtu au wa mbwa, mapafu yake hayafanyi kazi, kwa hiyo kuna mshipa mfupi wa njia ya mkato unaoipitisha damu pembeni. Akizaliwa tu akavuta hewa, ile njia hujifunga. Kwa Laini haikujifunga. Kila pigo, damu iliyopaswa kwenda mwilini inarudi mapafuni kupitia tundu hilo, moyo unafanya kazi ya mioyo miwili, na mwisho wake mapafu yanajaa maji.

"Wapo mbwa wengi wa namna hii?"

"Wapo. Lakini tundu la milimita nne na nusu, lenye kiuno chembamba upande huu, na valvu inayovuja kidogo hapa chini, kwa jike wa mwaka mmoja na nusu? Nimemwona mmoja." Aliweka karatasi mbili kando kwa kando, ya tarehe mbili, Laini alipoletwa na Opareta, na ya leo. Hata Sajenti, asiyejua chochote cha moyo, aliona ni picha moja iliyopigwa mara mbili.

Inspekta alizilinganisha kwa kidole, mstari kwa mstari.

"Twende," alisema, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alitangulia mlangoni.

*

Nyumba ya Opareta ilikuwa ya ghorofa moja, nyembamba, na chini yake ilinuka vyuma na gesi. Mpwa alikuwa fundi wa friji, watu wakimwita Fundi Baridi. Sebule yote ilikuwa majokofu ya watu, mengine yamefunguliwa migongo, mawili yakinguruma ukutani. Daktari aliposikia mngurumo ule alisimama kizingitini sekunde moja zaidi ya ilivyohitajika.

"Karibuni, karibuni," Fundi Baridi alisema. Alikuwa mtu wa miaka thelathini na kitu, mwenye sauti ya upole na macho ya mtu asiyelala. Mbwa mdogo mwenye manyoya marefu, safi, alimfuata miguuni. "Shangazi bado hajarudi, afande. Kule alikokwenda mtandao ni wa shida."

"Huyu ni Laini?" Daktari aliuliza.

"Ndiye mwenyewe."

"Naomba nimsikilize."

"Ameshapona, Daktari. Shangazi alimpeleka kwa daktari mwingine, wakampasua. Sasa anaruka kama mbuzi."

"Walimpasua lini?"

"Wiki iliyopita. Kabla shangazi hajasafiri."

"Upande gani?"

Fundi Baridi alimtazama mbwa kana kwamba angepata jibu kwake. "Hapa mbele. Kifuani katikati."

Daktari alipiga goti. Aliyatenga manyoya kwa vidole, ubavu wa kushoto, ubavu wa kulia, kifua, tumbo. Manyoya yalikuwa marefu kila mahali, hayajawahi kuguswa na wembe. Akaweka stethoskopu, akasikiliza kwa dakika nzima, akainuka.

"Moyo mzuri kabisa," alisema. "Haujawahi kuugua."

"Si nimewaambia amepona?"

"Laini!" Sajenti aliita ghafla kutoka upande wa pili wa sebule. Mbwa aliendelea kunusa kiatu cha Inspekta. "Laini, njoo!"

"Masikio yake mazito," Fundi Baridi alisema.

"Pole yake. Kaponywa moyo, kaharibiwa masikio," Sajenti alijibu. "Huyo daktari wenu mwingine naye si mchezo."

Inspekta alikuwa ameshaanza kupanda ngazi. Jumamosi hakupanda. Ngazi zilikuwa za mbao, mwinuko mkali, na ya tatu kutoka juu ilikuwa imeoshwa kuliko wenzake. Chumba cha Opareta kilikuwa mbele. Kitanda kilikuwa kimetandikwa na mtu asiyejua kutandika. Kwenye meza ndogo palikuwa na miwani ndani ya kasha lake, na kando yake glasi. Ndani ya glasi mlikuwa na meno ya bandia, seti nzima. Maji yalikuwa yamekauka nusu, yameacha mistari myeupe kwenye kioo, mmoja juu ya mwingine, na meno ya juu yalikuwa yamebaki nje ya maji, makavu.

Alishuka na ile glasi mkononi.

"Shangazi yako amesafiri bila meno?"

"Ana... ana mengine."

"Na miwani?"

"Mengine pia. Yaani, nyingine."

"Mtu wa akiba," Sajenti alisema. "Kila kitu anacho viwili viwili. Mpaka mbwa."

Fundi Baridi alikaa juu ya friji lililolazwa, kijasho chembamba kikimtoka pembeni ya pua.

"Sawa," alisema baadaye. "Nitasema. Laini alikufa. Shangazi akaona uchungu, akanituma nimtafutie anayefanana naye, ndugu wa tumbo moja, nikampata kwa mfugaji aliyemuuzia Laini. Halafu akasafiri. Hiyo ni dhambi?"

"Laini yuko kliniki," Daktari alisema. "Nimemwacha na dripu."

Kilichomshangaza Inspekta ni kwamba Fundi Baridi hakuuliza mbwa alipatikanaje. Aliuliza kitu kingine, kwa sauti ndogo:

"Yuko hai?"

*

Waliacha askari wawili pale nyumbani na kurudi kliniki. Sajenti alitaka kumkamata pale pale. Inspekta alisema kuwa na mbwa wawili hakujawa kosa, na kwamba wakimfunga leo bila kumpata Opareta, atanyamaza, na mtu si mbwa, humfungi kamba akuonyeshe njia.

"Tumpate kwanza Opareta," alisema. "Daktari, huyu mbwa anaweza kutembea umbali gani?"

Daktari hakubahatisha. Alimteremsha Laini kutoka mezani, akamwongoza kwenye korido. Laini alikwenda, kichwa chini, kwa utii. Sajenti alihesabu kwa sauti. Kwenye hatua ya thelathini alianza kukohoa. Kwenye hatua ya arobaini na tano ulimi ulibadilika rangi. Hatua ya sitini alilala chini, miguu imetawanyika, na Daktari akamkimbilia na hewa.

"Sitini," Sajenti alisema. "Na kutoka nyumbani kwao mpaka alipookotwa ni kilomita kumi na moja."

"Alipelekwa kwa gari," Inspekta alisema. "Na hakwenda mbali na aliposhushwa."

"Kuna kingine," Daktari alisema. Alikuwa bado amepiga magoti, barakoa ya hewa mkononi, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Nilikuwa najiuliza tangu asubuhi kwa nini hajafa. Mbwa huyu anaishi kwa vidonge vya kukausha maji. Tarehe mbili mapafu yalikuwa yamejaa. Bila vidonge angezama ndani ya kifua chake mwenyewe, siku tatu, nne kwa bahati. Opareta hajaonekana tangu lini?"

"Mara ya mwisho jirani alimwona asubuhi ya tarehe nne."

"Siku tisa. Na nilipompiga eksirei leo, maji ndiyo kwanza yameanza kurudi. Ya jana, juzi labda." Aliinua macho. "Nilimpa Opareta vidonge ishirini. Viwili kwa siku kuanzia tarehe tatu. Vinaisha tarehe kumi na mbili. Jana."

Chini ya barakoa Laini alipumua.

"Kuna mtu alikuwa anampa," Inspekta alisema.

"Kila siku. Asubuhi na jioni. Bila kukosa."

Sajenti alikuwa ameshatoa ufunguo wa gari.

*

Kituo cha kuchuja maji kilikuwa kimefungwa miaka mingi. Yalibaki mabwawa matano makavu, nguzo, na majengo manne ya saruji yaliyokuwa yakibanduka chokaa. Ilikuwa saa tisa alasiri, jua kali, na hapakuwa na sauti yoyote ila ya bomba lililokuwa likidondosha maji mahali wasipopaona.

Msoma mita aliwaonyesha mahali penyewe. Inspekta alisimama pale, akamwagiza kila askari ahesabu hatua sitini kuelekea upande wake. Alihesabu mwenyewe pia, kuelekea jengo la pampu. Udongo wa pale ulikuwa umelowa mvua ya wiki iliyopita na kukauka, na juu yake zilikuwapo alama za magurudumu, zimekauka nazo, kali kama zilizochongwa. Sajenti alizipiga picha na rula kando yake.

Hatua ya hamsini na mbili, Inspekta alikuwa mbele ya mlango wa chuma. Mlango ulikuwa na kutu tangu juu hadi chini. Kufuli lilikuwa jipya.

Chini ya mlango, upande wa bawaba, saruji iliyooza ilikuwa imechimbwa. Tundu lilikuwa dogo, lingepitisha mbwa mdogo akisukumwa. Vipande vya saruji vilikuwa vimewekwa kando vizuri, kwa ndani. Inspekta aliinama akaita.

"Opareta! Mama! Polisi!"

Bomba lilidondosha maji.

Walilikata kufuli. Opareta alikuwa ameketi karibu na tundu, mgongo ukutani, mguu mmoja umepinda kwa namna ambayo mguu haupindi. Khanga ilikuwa imekunjwa vizuri kando yake, na juu ya khanga manyoya ya mbwa. Kucha zake zilikuwa zimekwisha. Pembeni ulikuwapo mkoba wa Laini, ule aliokuwa akija nao kliniki: blanketi dogo, mfuko wa biskuti uliobaki makombo, bakuli lililowekwa chini ya bomba, kalamu, na pakiti ya vidonge.

Daktari wa polisi alifika baada ya saa moja. Alifanya kazi yake, akanawa mikono kwa maji ya chupa.

"Nyonga imevunjika, na kichwa kina jeraha la zamani kidogo. Hakufa kwa hayo. Mwili umechoka tu. Jana jioni. Labda leo alfajiri."

"Jumamosi?" Inspekta aliuliza.

"Jumamosi nini?"

"Jumamosi alikuwa hai?"

"Alikuwa hai, ndiyo. Jumamosi angeweza kuongea na wewe."

Inspekta alirudi kwenye gari. Alilitoa faili, akalifungua pale alipoandika *lifungwe*, na chini yake akaandika kwa mkono wake siku, saa, na jambo alilopaswa kulifanya ambalo hakulifanya. Akatia saini. Halafu akaongeza cheo chake kamili, ambacho huwa hakiandiki. Sajenti alimwona, akageuka kuwaharakisha askari waliobeba machela.

*

"Nani anaruhusu?" nesi aliuliza Ijumaa asubuhi. "Mwenye mbwa amefariki."

"Mwenye mbwa alisharuhusu," Daktari alisema, na kuinua fomu ya idhini. Saini ilikuwa ya duara, ya mtu aliyefundishwa kuandika vizuri. "Alituomba tumtengeneze. Hajabadilisha."

Kwa siku mbili walikuwa wameyakausha mapafu ya Laini. Sasa alilala kwa nusu kaputi upande wake wa kulia, amefunikwa kitambaa cha kijani, dirisha moja tu likiachwa wazi juu ya mbavu. Inspekta alisimama alipoelekezwa, amevalishwa gauni na barakoa, mikono nyuma. Hakuna aliyemuuliza kwa nini amekuja.

Daktari alipasua kati ya ubavu wa nne na wa tano. Chuma kidogo kilizitanua mbavu, na nesi akaanza kuubonyeza mfuko wa hewa kwa utaratibu, maana kifua kikishafunguliwa mnyama hapumui mwenyewe. Pafu lilisukumwa nyuma kwa shashi yenye maji ya vuguvugu. Moyo ukaonekana, mkubwa kuliko ulivyopaswa kuwa, ukihangaika.

"Ule uzi mweupe unaokatisha juu ni mshipa wa fahamu," Daktari alisema. "Chini yake ndiko tuendako." Aliuzungushia uzi mwembamba, akauvuta pembeni kama anayefungua pazia. Nyuma yake palikuwa na mshipa mfupi, mnene, uliounganisha mishipa mikubwa miwili, na ulikuwa ukitetemeka wote. "Sasa napita nyuma yake na koleo hili. Huko hapaonekani. Naenda kwa kuhisi."

"Ukitoboka?"

"Ukuta wake ni kama karatasi iliyolowa. Ukitoboka tuna dakika moja. Mbili nikiwa na bahati."

Ncha ya koleo ilizama. Vidole vyake havikuonekana kusogea, lakini vilikuwa vikisogea, unywele kwa unywele. Ghafla damu ilipanda kutoka chini, nyeusi, ikajaa shimo.

"Shashi."

Nesi alimpa. Daktari aligandamiza, akafumba macho, akangoja. Inspekta alihesabu mapigo kwenye mashine bila kujua kwamba anahesabu. Alifika tisini. Daktari aliinua shashi. Damu ilikuwa imekata.

"Mshipa mdogo wa pembeni. Siyo wenyewe." Kijasho kilikuwa kimemjaa juu ya nyusi, nesi akampangusa. "Tunarudi."

Safari hii ncha ya koleo ilitokeza upande wa pili, safi. Nyuzi mbili za hariri zilivutwa nyuma ya mshipa. Nesi, bila kuambiwa, alimpa Inspekta mrija wa kusikilizia ulioingizwa kwenye umio wa mbwa.

Mvumo ulikuwa pale pale, mkubwa zaidi sasa, umejaa masikio yote.

"Nafunga wa upande wa mshipa mkuu kwanza," Daktari alisema. "Polepole. Nikifunga kwa pupa moyo unashtuka."

Fundo lilikaza. Mvumo ukapungua, ukawa mwembamba kama upepo chini ya mlango. Mapigo kwenye mashine yalianza kushuka, mia na arobaini, mia na kumi, tisini, na Daktari akasimama, akangoja, akakaza tena. Mvumo ukakatika.

Inspekta aliubana mrija sikioni, akidhani kifaa kimeharibika. Halafu, kutoka mbali, akausikia mdundo. Pigo, kimya, pigo. Kimya kile kilikuwa kirefu kuliko alivyotarajia.

"Umesikia nini?" Daktari aliuliza.

"Hamna kitu," alisema. "Moyo tu."

*

Saa nane mchana huo huo Fundi Baridi aliketi mbele yao kwenye chumba cha mahojiano. Alikuwa ameshasema mengi, na mengine yalikuwa kweli.

"Tulibishana ngazini," alisema. "Mimi nalala stoo, afande. Damu yake mwenyewe nalala stoo na magaloni ya gesi, yeye anampasulia mbwa moyo. Nikamwambia hivyo. Nikamshika mkono, akajivuta."

"Akaanguka."

"Akaanguka. Nikamwita, hakuitika. Nikaweka kioo puani, hakikushika mvuke. Alikuwa amekufa."

"Ukampakia kwenye gari lako."

"Mbwa hakutaka kumwacha. Nikawapakia wote, na mkoba, na kila kitu. Kile kituo nakijua, niliwahi kutengeneza viyoyozi kule. Nilidhani mbwa naye moyo wake utamaliza kazi wenyewe. Lakini yeye alishakufa, afande. Naapa. Mimi nilificha maiti. Sikuua."

Sajenti aliandika. Inspekta alitoa mfuko wa plastiki, akauweka mezani. Ndani mlikuwa na pakiti ya vidonge, tupu kabisa. Kuanzia kitundu cha nne, juu ya kila kimoja palikuwa na maandishi madogo ya kalamu ya wino, ya duara. Tarehe nne, jioni. Tarehe tano, asubuhi. Tarehe tano, jioni.

"Soma," alisema.

Fundi Baridi alisoma kwa macho. Midomo yake ilikuwa ikitembea. Alipofika tarehe kumi na mbili alirudi mwanzo, akasoma tena, kana kwamba safari ya pili zingekuwa chache.

"Hizi ni za nani?"

"Wewe mwandiko wake unaujua."

Aliusukuma mfuko ule kando.

"Mvua ilinyesha tarehe sita," Inspekta alisema. "Alama za gari lako ziko juu ya matope, haziko chini yake. Ulirudi kule baada ya mvua. Daktari alikupigia simu tarehe saba."

Sajenti alifungua mdomo, Inspekta akamzuia kwa kidole.

"Nilirudi kumchukua mbwa," Fundi Baridi alisema. "Daktari alikuwa anamtaka mbwa. Nikasema nimlete huyo mbwa, maneno yaishe. Nikafika mlangoni, nikatia ufunguo kwenye kufuli. Nikasikia mtu anaongea."

"Nani?"

"Akasema, 'Baba, ni wewe? Nifungulie, baba.'" Alijifuta uso kwa viganja vyote viwili. "Nimerithi jina la babu, baba yake yeye. Tangu utotoni ananiita baba. Hakuna mwingine duniani anayeniita hivyo. Lakini nilishampima kwa kioo, afande, mimi mwenyewe, kwa mikono hii. Nikajua huyu ni mzuka. Mzuka wa shangazi umekuja kunichukua."

"Alisema kingine?"

"Alisema Laini ana kiu."

"Wewe ukafanya nini?"

Fundi Baridi alitazama mlango wa chumba, uliokuwa umefungwa.

"Nilichomoa ufunguo."

Sajenti aliweka kalamu chini, akainuka, akatoka nje bila kuomba ruhusa. Inspekta aliivuta karatasi upande wake. Aliyaandika maneno hayo mawili kama yalivyosemwa, kwa mwandiko wake wa taratibu, akaweka nukta, akamgeuzia atie saini.